Ufunguo wa Choo Uko Shingoni kwa Bi Mboni

Saa mbili kasorobo asubuhi, Alhamisi, na Bi Mboni binti Feruzi amekwisha kalia kigoda chake mbele ya choo cha wanawake, mgongo kwenye mlango, kana kwamba ndani mmewekwa dhahabu ya serikali. Kufuli limefungwa. Ufunguo unaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya katani, chini kidogo ya kidevu, mahali ambapo mwizi hawezi kuufikia bila kuumwa.

Mbele yake, kwenye benchi refu la kliniki, wameketi wanawake kumi na wanne, kila mmoja na kikombe cha bati mkononi. Birika la chai liko katikati yao. Ni kubwa kiasi kwamba wapishi wa hospitali huapa kuna paka aliyetumbukia humo Jumatatu akatoka Jumatano, amenenepa.

"Kunyweni, mama zangu," anasema Bi Mboni. "Kikombe cha kwanza ni cha kiu. Cha pili ni cha daktari."

Mwanamke wa mwisho kwenye benchi anainuka, anajinyoosha, anajifanya anatazama mawingu juu ya Menengai. Kisha anasogea.

"Mama, choo."

"Kimefungwa."

"Dakika moja tu."

"Hata nusu yake."

"Wewe una roho mbaya kama ya askari kanzu."

"Askari kanzu hakupi chai. Keti."

Mwanamke anaketi, wenzake wanacheka kwa tahadhari, mapaja yamebanwa. Hiyo ndiyo kazi ya Bi Mboni, na toka Nakuru hadi Kisumu huenda hakuna mwingine mwenye kazi ya namna hiyo: analipwa shilingi sabini na tano kwa mwezi kuwazuia watu wazima wasiende haja ndogo.

Usimcheke kabla hujasikia. Wanawake hawa wa Alhamisi wana maradhi mamoja. Wakikohoa, wakipiga chafya, wakicheka au wakinyanyua mzigo, mkojo huwaponyoka. Wengi walianza baada ya kuzaa mtoto wa tatu au wa nne. Wengi hawajamwambia mtu, hata mume, na wamejifunza kukunja vitambaa wakavibadilisha vichakani kama watu wanaoficha pombe ya magendo.

Ni mwaka 1957, na yuko daktari mwanamke anayewatibu, Daktari Fenwick, mwembamba kama mlingoti wa simu. Jina lake hilo hawalijui. Wao humwita Memsabu Kohoa, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili analolipenda kuliko yote.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza na kigumu kukifanya. Kibofu lazima kijae. Mgonjwa hukohoa akiwa amelala, kisha hukohoa amesimama, mguu mmoja juu ya kigoda, chini pametandikwa karatasi ya kaki. Daktari huinama na kutazama. Matone yakidondoka papo hapo na kikohozi, yakakoma pamoja nacho, daktari hujua njia ya kibofu imelegea. Yakitiririka yenyewe, kikohozi au hakuna, huenda pana tundu ndani, na hapo huleta maji yake ya buluu na vipande vya pamba kulitafuta. Hiyo ni safari nyingine.

"Yeye haandiki alichoambiwa," anasema Bi Mboni. "Anaandika alichokiona. Ukija mkavu, utaandikwa mkavu, na utarudi kwenu na vitambaa vyako."

Leo jicho la Bi Mboni limemganda mtu mmoja. Anaitwa Chepkurui, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba moja la mzungu upande wa Rongai, mama wa watoto sita. Ameketi katikati ya benchi, uso mzito kama wa kanisani, hasemi na mtu. Amekamua kwa miaka kumi na mmoja. Nyumba anayolala na watoto, katika laini ya wafanyakazi, ni nyumba ya wakamuaji: kazi ikiisha, nyumba imekwisha.

Na kazi inataka kuisha. Nyapara amewaambia watu kuwa Chepkurui ananuka kwenye banda la maziwa. Bwana mwenye shamba amempa mpaka mwisho wa mwezi: alete barua ya daktari kwamba anaugua na atatibiwa, ama afunge mizigo.

Alikuja Alhamisi iliyopita. Akapimwa. Akakohoa. Karatasi ya kaki ikabaki kavu kama ngozi ya ngoma, na daktari akaandika alichokiona.

Leo ni mara ya pili na ya mwisho. Mwezi ujao Daktari Fenwick anapanda meli kwenda likizo kwao, miezi sita, na orodha ya watakaopasuliwa na kushonwa kabla hajaondoka inafungwa jioni hii. Zimebaki nafasi mbili.

"Wiki ile ilikuwaje?" Bi Mboni anamuuliza, akimjazia kikombe.

"Mimi nilikunywa chai yako yote, mama."

"Najua. Nilihesabu mafunda. Chai ilikwenda wapi?"

Chepkurui anatupa jicho upande wa nyuma. Nyuma ya kliniki kuna ua wa kaiyaba, miiba yake mirefu kama misumari ya reli. Alhamisi ile, daktari alipokwisha kuandika, Bi Mboni alimwona mgonjwa wake anaondoka na miiba mitatu imening'inia kwenye shuka. Alitaka kulia. Ili akojoe, mwanamke alikuwa amepita kwenye ua ambao hata mbuzi huuzunguka kwa kuuheshimu.

"Nilifanya kwa adabu," anasema Chepkurui. "Mtu mkubwa anakuangalia hapo chini. Utakwenda kwake na mkojo ndani? Ni kama kuingia nyumba ya mama mkwe na matope ya zizi."

Benchi zima linaitikia. "Ni kweli kabisa, mama."

Bi Mboni anatikisa kichwa, lakini hamkemei. Hawezi. Adabu hiyo hiyo ilimtesa yeye kabla ya wote.

Mboni alizaliwa Bondeni, hapa hapa Nakuru, baba yake mtu wa Pangani aliyefuata reli akafa bila kufika mwisho wake. Alizaa watoto saba. Kabla ya cheo chake cha leo alikuwa dobi wa hospitali hii hii, akifua na kukamua mashuka ya wodi tatu. Shuka lililolowa, anasema, ni zito kama bwana harusi aliyezimia. Siku moja mwaka 1945 aliinua beseni, akasikia moto mdogo unashuka mguuni. Akafikiri ni maji ya sabuni.

"Nilificha miaka tisa," anamsimulia mwandishi wa gazeti aliyekuja kliniki leo. "Nilijimwagia maji makusudi nikiwa kazini, ili nguo yote iwe mbichi, mtu asijue ipi ni ipi. Kuficha hakukunikausha."

Harusi akaacha kwenda, kwa kuwa harusini watu hucheka. Matanga akaacha, kwa kuwa huko watu hulia, na kilio nacho kina kwikwi. Lililomuuma zaidi ni sala. Udhu haukai. Akitia udhu, anarukuu, umetoka. Shoga zake wakasema Mboni siku hizi anajisikia. Yeye akanyamaza, afadhali aitwe mwenye maringo.

Aliyemtoa huko ni mumewe, Mzee Miraji, aliyekuwa mtia makaa wa gari la moshi mpaka mapafu yake yakaomba kustaafu. Kwa miaka tisa mkewe aliamini hajui. Jioni moja, wakila maharagwe, mzee akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani:

"Mke wangu, nimekaa na injini miaka ishirini na mitatu. Injini gani haivuji?"

Mboni akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Na ikivuja," mzee akaendelea, "hatuifungii bandani tukaionea haya. Tunaipeleka karakana."

"Nililia mpaka maharagwe yakaongezeka mchuzi," anasema Bi Mboni. "Miaka tisa nimemficha mtu ambaye alikuwa ananitandikia gunia chini ya godoro, mimi nikidhani ni la kuzuia kunguni."

Mzee Miraji hakuishia hapo. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akauliza kama anayeuliza habari za jirani, akarudi na jibu kwamba mgonjwa ana ruhusa yake: atie udhu kila sala, kisha asali, Mungu anajua. Kesho yake akamsindikiza mkewe mpaka mlango wa kliniki, akaketi nje na kofia magotini.

Basi Mboni akapimwa. Kavu. Akarudi mwezi uliofuata. Kavu. Mara ya tatu kavu tena, na Daktari Fenwick, aliyekuwa mgeni katika nchi, akamtazama kwa huruma ile ambayo hupewa mtu anayefikiriwa kuwa kichwa chake kina kasoro.

Hakuna aliyejua kilichotokea, kwa kuwa kila mtu alifanya vizuri. Daktari alipima vizuri. Na Mboni, kama mwanamke aliyelelewa, kila mara alipita kwanza chooni, akajisafisha kwa maji mawili, akajifuta, ndipo akaingia.

Mara ya nne ni Mungu tu. Siku hiyo choo cha wanawake kilikuwa kinapakwa chokaa. Mboni akangoja zamu saa tatu nzima, na kwa kuwa asubuhi alikunywa uji wa mtu aliyekata tamaa, bakuli mbili, alipopanda kitandani alikuwa ngoma. Daktari akasema neno lake. Mboni akakohoa.

"Sitaki kutia chumvi," anasema, na watu wa Bondeni wanajua kuwa akisema hivyo huwa kijiko kimekwisha zama kwenye gunia. "Lakini flamingo waliruka ziwani. Daktari mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akapiga makofi."

Yalipokwisha, daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda na kuuliza kwa Kiswahili chake: "Mboni. Siku ile ingine, wewe nakwenda choo kwanza?"

"Ndiyo, memsabu. Ni adabu."

"Mama ingine yote, nakwenda choo kwanza?"

"Wote, memsabu. Sisi si watu wa porini."

Daktari akaleta daftari lake, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wameandikwa wakavu, wamerudishwa Molo, Njoro, Kuresoi, Subukia, na shida zao mgongoni. Bi Mboni anasema hajawahi kumwona mzungu akiwa na uso ule. Barua ziliandikwa siku hiyo hiyo. Wakarudi kumi na tisa.

Mboni akashonwa Oktoba 1954. Hakuruhusiwa kuinua beseni tena, kwa hiyo daktari akamtafutia kazi ya uaya, ya kuhudumia wagonjwa wa kliniki, akanunua kufuli kwa fedha yake, akamvika ufunguo shingoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Siku ya kwanza kurudi harusini," anasema, "nilicheka hata mahali pasipochekesha. Bwana harusi akadhani namcheka yeye."

Saa nne, Chepkurui anaitwa. Leo hakupita kwenye ua. Amekaa vikombe vitatu, uso umekuwa wa majivu, anatembea kama aliyebeba mayai. Bi Mboni anaingia naye, kwa kuwa ndiye mkalimani na ndiye mkono wa kushikwa. Ufunguo unaingia pia. Nje benchi linaguna kwa pamoja.

Ndani, daktari ananyoosha shuka, anatabasamu. "Habari, mama. Leo tumbo najaa?"

"Imejaa, memsabu. Mpaka shingo."

"Mzuri sana. Kohoa."

Chepkurui anakohoa. Ni kikohozi cha kanisani, cha kusafisha koo wakati mhubiri anavuta pumzi. Mapaja yamefungwa kama lango la boma usiku wa fisi.

"Tena."

Anakohoa tena, kama kuku aliyemeza mchanga. Hakuna kitu.

Wanamsimamisha, mguu juu ya kigoda, karatasi ya kaki chini. Kohoa. Kavu. Kohoa kabisa. Kavu. Jasho linamtoka Chepkurui kwenye paji la uso, machozi yanamtoka machoni. Maji yanatoka kila mahali ila pale yanapotakiwa.

"Mwili inakataa, mama," Chepkurui anamnong'oneza Bi Mboni. "Inaona haya. Mimi nitawaambia watoto nini?"

Daktari anatazama saa ukutani. Anachukua kalamu. Bi Mboni anaiona ncha ya kalamu inashuka kwenye daftari, na anajua neno litakaloandikwa, kwa kuwa yeye aliandikwa hilo hilo mara tatu.

"Memsabu, ngoja," anasema. "Ngoja kidogo." Anamgeukia Chepkurui. "Huko shambani, ni wakati gani hasa unatoka?"

"Nikibeba makopo ya maziwa. Na nikiita ng'ombe."

"Unawaitaje?"

"Kwa sauti tu."

"Yupo mmoja mkaidi?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mdomo wa Chepkurui unacheza. "Deizi. Huyo ni shetani. Anakaa mwisho wa shamba, kule kwa mto, anajifanya hasikii."

"Basi Deizi yuko mtoni. Kumekucha, nyapara anakuja. Mwite."

"Hapa? Mbele ya daktari?"

"Daktari hanyonyi maziwa ya Deizi. Mwite!"

Chepkurui anafumba macho. Anavuta pumzi mpaka mbavu zinafunguka kama mwavuli, na kutoka chini kabisa, mahali ambapo kikohozi cha adabu hakijawahi kufika, anaita:

"Deeeeizi! Oiiii! Deeeeizi!"

Vioo vinatetemeka. Katika wodi ya wanaume mtu mwenye mguu wa plasta anasimama, kisha anakumbuka kuwa hawezi kusimama. Wapo watakaokuambia kwamba huko juu, mteremko wa Menengai, ng'ombe watatu wasiohusika waligeuza njia.

Na juu ya karatasi ya kaki, tap, tap, tap. Matone matano, meusi, ya duara. Sauti ikakoma, nayo yakakoma.

"Naona!" anapiga kelele daktari, yuko magotini. "Naona, mama! Ita ng'ombe tena!"

"Deeeeizi!"

Tap, tap.

Sasa ni kipimo cha pili, ambacho Bi Mboni hukiogopa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachosema kama kushonwa kutasaidia. Daktari anaosha mikono, anaweka karatasi mpya. Kwa vidole viwili anainua kwa ndani pande mbili za shingo ya kibofu, taratibu, kama anayeshikilia pazia lililolegea.

"Mara ya mwisho. Ita."

Bi Mboni ameshika mkono wa Chepkurui. Hajui nani anambana mwenzake zaidi.

"Deeeeeeizi!"

Hakuna tap. Wote watatu wanaitazama karatasi. Ni kavu. Safari hii ukavu huo ndio habari njema: kinachoshikwa na vidole kinaweza kushikwa na uzi.

Daktari anaandika alichokiona. Kisha anachukua karatasi nyingine, yenye kichwa cha hospitali, na kumwandikia bwana wa Rongai kwamba mkamuaji wake ni mgonjwa, si mchafu, atashonwa Jumanne, hatainua kopo la maziwa kwa miezi mitatu, na wakati huo wote nyumba yake iwe yake. Mstari wa mwisho anaupigia mstari chini mara mbili, mpaka karatasi inatoboka.

Daktari anaieleza, na Bi Mboni anairudia kwa Kiswahili safi, polepole. Chepkurui anaipokea kwa mikono miwili. Anaikunja, anaifungua, anaikunja tena.

"Naweza kuandika jina lako gazetini?" anaulizwa na mwandishi wa gazeti. "Si vibaya ukikataa."

"Andika," anasema. "Andika kubwa. Nyapara anajua kusoma."

Kisha anasema kwamba hana cha kumpa Bi Mboni, ila mursik, maziwa yao yaliyogandishwa kibuyuni, na itabidi aje nayo Jumanne. Bi Mboni anaikubali hata kabla haijaja. Shukrani za Alhamisi zimelijaza jiko lake: viazi vya Kuresoi, mayai ya Njoro, kabichi moja ya Molo ambayo Mzee Miraji anadai waliipasua kwa shoka na kuwalisha nayo majirani kumi na wawili.

"Mimi ndiye mwenye deni," anasema Bi Mboni, akirudi kwenye kigoda chake, watu wakimfuata kusikia. "Nilipewa na Mungu, na mzee wangu, na yule aliyepaka chokaa, ambaye mpaka leo simjui jina, namwombea kila sala. Na udhu wangu unakaa."

Ana mpango. Daktari akiwa likizo, kliniki itafungwa miezi sita, naye hataki kukaa bure. Mumewe ana pasi ya reli ya mstaafu, yeye na mkewe, bila nauli. Watashuka kila stesheni: Rongai, Njoro, Elburgon, Molo. Mzee ataketi na wanaume awaeleze habari za injini. Yeye ataketi na wanawake wa laini na wa mashamba ya pareto, awaambie mambo mawili tu: kwamba maradhi haya yana jina na yana dawa, na kwamba daktari akirudi, waje wamejaa.

"Wakinielewa wote," anasema, akiushika ufunguo, "siku daktari atakaposhuka melini nitauchukua huu niutupe ziwani. Mwanamke aje mwenyewe, kibofu kimejaa, kichwa kimeinuka, bila kufungiwa mlango na mtu. Hiyo ndiyo ndoto yangu. Nataka kufukuzwa kazi hii. Nataka kufika siku ambayo..."

"Mama," anasema Chepkurui. Amesimama mguu mmoja juu ya mwingine, barua kifuani, macho yamemtoka. "Ndoto ni nzuri sana. Utamaliza nikirudi. Ufunguo!"

Bi Mboni anaivua kamba shingoni, anafungua kufuli mwenyewe, na kumshikia mlango kama anayempokea bibi harusi.